MWANAFUNZI MARSDEN NA KIINI CHA ATOMU

Katika kitabu cha fizike kuna picha moja ambayo wote tunaijua: kiini kidogo katikati, na elektroni zinakizunguka. Tunaichora, tunaandika majina pembeni, kiisha tunapita kwa somo lingine. Lakini wengi kati yetu hawajui kama kazi iliyozaa picha ile ilifanywa na mwanafunzi wa miaka 20, ambaye alikuwa hajapata bado diploma yake ya universite. Jina lake ni Ernest Marsden. Leo tutaangalia namna alivyofanya, na namna wakubwa wake walivyomwongoza.

Ilikuwa Manchester, Uingereza, mwaka 1909. Mkubwa wa labo alikuwa Ernest Rutherford, mtu wa New Zealand, aliyefika pale 1907 na kupata tuzo ya Nobel 1908. Msaidizi wake alikuwa Hans Geiger, Mjerumani. Ni yule ambaye jina lake limebaki juu ya chombo cha kuhesabu mionzi. Marsden alikuwa anajifunza kwa Geiger namna ya kutumia vyombo vya labo. Siku moja Geiger akamwuliza Rutherford kama haifai kijana huyu aanze kazi ndogo ya utafiti, yake mwenyewe. Rutherford akakubali, akasema basi aangalie kama kuna chembe za alfa zinazoweza kupotoka sana, hata kurudi nyuma. Miaka mingi baadaye Rutherford mwenyewe alisimulia kwamba hakuamini hata kidogo kama zitarudi.

Tusimame kidogo hapa. Mwalimu hakumpa mwanafunzi swali ambalo jibu lake liko tayari mwisho wa kitabu. Alimpa swali ambalo yeye pia alikuwa na mawazo tu juu yake. Kwa sisi, katika zoezi la kuangusha kitu, ukipata 9,81 mwalimu anafurahi, ukipata 12 anakuambia urudilie. Ndiyo sababu wengine wanaanza kwa kuandika 9,81 na kutafuta vipimo kiisha! Marsden hakuwa na 9,81 ya kungojea. Alipaswa kuangalia.

Sababu gani Rutherford hakuamini? Picha ya atomu wakati ule ilikuwa ya J. J. Thomson: umeme chanya umeenea fasi yote ya atomu sawa bukari, na elektroni zimo ndani sawa maharagi. Chembe ya alfa ni nzito kupita elektroni mara 7 000 na zaidi, tena inakimbia karibu kilometa 19 000 kwa segonde. Ikipita ndani ya bukari ya namna ile itapotoka kidogo tu, haitarudi.

Chombo chenyewe hakikuwa cha ajabu. Upande mmoja kuna mata inayotoa chembe za alfa, iliyotoka kwa radiyumu. (Radiyumu ile Rutherford alikopeshwa kutoka Vienna, madini yetu ya Shinkolobwe yalivumbuliwa 1915 tu.) Mbele yake kuna sahani ya madini. Upande mwingine kuna kioo kilichopakwa unga wa sulfidi ya zinki, na katikati ya mata na kioo kipande kinene cha risasi, ili chembe yo yote isipite moja kwa moja. Chembe ikifika kioo, lazima iwe imegonga sahani na kurudi. Kila chembe ikigonga unga ule, kunatokea mwanga mdogo sana, unaoonekana kwa mikroskopi tu, tena katika giza. Kwanza unakaa gizani mpaka macho yazoee, halafu unahesabu: moja, mbili, tatu. Hakuna mashini ya kuhesabu kwa ajili yako.

Mwanga ulionekana. Kwa sahani ya platini, karibu chembe 1 katika 8 000 ilirudi. Ni kidogo sana, na mtu mvivu angesema ni uchafu wa chombo. Marsden na Geiger hawakusema vile. Walibadilisha madini: risasi, zahabu, platini, fedha, shaba, chuma, aluminiyumu. Madini mazito yalirudisha nyingi kupita mepesi; uchafu usingejua uzito wa madini. Kiisha wakaweka karatasi nyembamba za zahabu moja juu ya nyingine. Hesabu ikaongezeka mpaka kipimo fulani, halafu ikasimama. Kwa hiyo chembe zilirudi toka ndani ya madini, hapana juu ya ngozi yake tu.

Mwezi wa 5, 1909, walipeleka andiko lao kwa Royal Society ya London. Majina mawili yako juu yake, la Geiger na la Marsden. Tunaona hii ni haki: aliyekaa gizani na kuhesabu ametajwa pamoja na aliyemfundisha.

Rutherford alifikiri karibu miaka miwili. Mwaka 1911 alionyesha kwa hesabu kama kurudi kule kunawezekana tu kama umeme chanya wote umefungwa fasi moja ndogo sana katikati ya atomu. Halafu Geiger na Marsden wakarudi gizani kuipima hesabu yake. Andiko lao la 1913 linasema walihesabu zaidi ya mianga 100 000.

Kwa wenzetu wa mwaka wa 6 Matematike-Fizike, hesabu yenyewe iko hivi. Chembe ya alfa (umeme 2e) inakwenda moja kwa moja juu ya kiini cha zahabu (79e). Inasimama pale nguvu yake yote ya mwendo, 1,23 × 10⁻¹² J, imegeuka kuwa nguvu ya kusukumana kwa umeme. Basi

d = 9 × 10⁹ × 2 × 79 × (1,6 × 10⁻¹⁹)² : (1,23 × 10⁻¹²)

Mtapata karibu 3 × 10⁻¹⁴ m. Nusu kipenyo ya atomu ya zahabu ni karibu 1,44 × 10⁻¹⁰ m. Mgawanye ya pili kwa ya kwanza, kiisha mrudilie hesabu kwa aluminiyumu, yenye 13e tu, muone chembe inakaribia kiini mpaka wapi.