SOMO LA RIBA: DOLA 25 ZA MTANDAONI NA MKULIMA WA KITUI

Tumeulizwa na baadhi ya wanafunzi wa darasa letu: Mwislamu wa Mombasa akitoa dola 25 kwa njia ya intaneti ili akopeshwe mkulima wa ndengu huko Kitui, au muuza maembe wa Makueni, kisha akarejeshewa dola zake bila kuzidi hata senti, je, hiyo siyo karadha njema?

Jumuiya mashuhuri katika kazi hii ni Kiva, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2005, na wakopaji wake wa kwanza walikuwa watu wa Tororo, Uganda. Kwa upande wa mtoaji hakuna shaka: hapati faida. Lakini kwa kawaida fedha hupita katika mkono wa taasisi ya mikopo iliyo nchini mwa mkopaji, na nyingi katika taasisi hizo humtoza riba. Tena mara nyingi huwa zimekwisha kumkopesha kabla picha yake haijaonyeshwa kwa watoaji. Basi dola 25 zile huwa ni mtaji wa bure kwa mtoza riba. Nasi tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba laana ya riba humpata mlaji, na mlipaji, na mwandishi, na mashahidi. Mwenye kutoa mtaji atajitoaje humo? Wala asiseme mtu kwamba mkopaji si Mwislamu: katika madhehebu yetu ya Shafi riba ni haramu kwa yeyote itozwaye.

Husemwa kuwa taasisi hizo zina gharama za mishahara na za safari za vijijini. Ni kweli, na sharia haikulipuuza jambo hilo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, iliruhusu ujira wa huduma za mkopo kwa kadiri ya gharama halisi. Kinachozidi ni riba. Jina halibadili hukumu, ijapokuwa wako wengi kwetu waliostarehe na neno "ada". M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5: aliyekopa shilingi 1,000 alilipa 1,075 baada ya siku 30, na asipolipa, aliongezewa siku 30 na kutozwa tena. Waarabu wa Jahilia walifanya vivyo hivyo: muda ukiisha, mdaiwa hulipa, au deni huzidishwa.

Dhara yake huonekana zaidi katika nchi kavu kama Kitui na Makueni. Mkulima wa huko hutegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Disemba, na ndengu zake huvunwa baadaye. Lakini kalenda ya mkopo humdai kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za nchi kavu za Kenya. Mwenye deni katika miaka ile angelipa kwa nini, ila kwa kuuza mbuzi wake waliokonda? Suratul-Baqara, aya ya 280, imetuamuru kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki. Na mkopo ambao muhula wake huuzwa kwa pesa umekwenda kinyume cha aya hiyo.

Wakamba si wageni kwetu. Misafara yao ilileta pembe Mombasa katika karne ya kumi na tisa. Na leo Kitui na Mwingi mna Waislamu na misikiti. Jamaa kumi wa msikiti mmoja waweza kuchanga, wakamkopesha mkulima kwa M-Pesa, deni likaandikwa na kushuhudiwa kama ilivyo katika aya ya 282, na muda ukawekwa baada ya mavuno. Gharama ya kutuma na ihesabiwe kama ilivyo, isizidishwe.

Ama aliyekwisha kutoa dola zake Kiva, mtaji wake ukirudi ni halali yake. Kabla ya kuutoa tena, na asome ukurasa wa taasisi husika, kwani Kiva huonyesha humo gharama atozwayo mkopaji. Akiona ni riba, asiutoe.