Kumkumbuka Marehemu Wetu Altareni: Somo Kutoka kwa Mtakatifu Monika



Kijana mwenzangu, pengine mwaka huu kuna kiti kitupu nyumbani kwenu. Ni cha bibi, cha baba, au cha dada yako. Siku za msiba watu walijaa, jumuiya ikasali rozari, kwaya ikaimba. Baada ya hapo kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na wewe ukabaki na namba yake kwenye simu, kuifuta huwezi. Sasa unajiuliza: nimfanyie nini tena?

Tumsikilize Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Augustino. Alifariki mwaka 387 huko Ostia, karibu na Roma, akiwa safarini kurudi kwao Afrika. Muda mrefu alitamani azikwe kando ya mumewe, Patrisi. Lakini mwisho ulipokaribia aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kumzika. Aliomba kitu kimoja tu: popote watakapokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Hapo tunajifunza mambo matatu.

1. Kulia sio kukosa imani

Monika alipokata roho, mjukuu wake Adeodato, kijana wa miaka kama 15, aliangua kilio, wakamnyamazisha. Augustino naye alijikaza, akazika bila kutoa chozi. Baadaye, akiwa peke yake mbele za Mungu, machozi yakamtoka. Hata Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, ingawa alikuwa anakwenda kumfufua (Yn 11). Basi ukiambiwa "jikaze, wewe ni mwanaume", jua kwamba Bwana wako alilia hadharani.

2. Upendo bado una kazi

Yuda Makabayo aligundua kuwa askari wake waliouawa vitani walikuwa na dhambi. Hakuwaacha. Alichangisha drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili yao (2 Mak 12). Kanisa linafundisha kwamba wanaokufa katika urafiki na Mungu, lakini hawajatakasika kabisa, hutakaswa toharani, na sala zetu zinawasaidia (KKK 1030-1032).

Hii ni habari njema hasa kwako wewe uliyefiwa kabla hamjapatana. Labda mlikuwa hamsemeshani. Kaburi limefunga mazungumzo, ila halijafunga sala. Unaweza kumsamehe leo, ukamwombea leo, na sala hiyo ikamfaa.

3. Kumbukumbu inahitaji matendo

Kuweka picha yake "status" kila mwaka ni vizuri, ila tusiishie hapo. Nenda ofisi ya parokia utoe nia ya Misa kwa ajili yake. Kila Novemba 2 Kanisa lote linawaombea Marehemu Wote. Tena, kuanzia Novemba 1 hadi 8, ukitembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo, unaweza kuwapatia rehema kamili, mara moja kila siku. Masharti ni kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kukataa moyoni kila dhambi, hata ndogo. Kama kaburi liko kijijini na wewe uko mjini, makaburi yoyote ya karibu yanafaa.

Augustino alitimiza ombi la mama yake kuliko alivyotarajia. Katika kitabu chake cha Maungamo aliwaomba wasomaji wawakumbuke altareni Monika na Patrisi. Zaidi ya miaka 1,600 imepita, na bado tunawataja!

Kazi ya wiki hii: andika majina ya marehemu wa ukoo wenu. Usipowajua wote, muulize babu au shangazi. Kisha Jumapili nenda na majina hayo Misani. Padre anapowaombea marehemu katika Sala ya Ekaristi, wataje moyoni mmoja mmoja.

Tusali: Ee Bwana, uliyelia kaburini kwa rafiki yako, wapokee wapendwa wetu. Uwatakase, uwape kuuona uso wako, nasi utukutanishe nao kwako. Amina.