Papa Mkavu wa Kwai na Pomboo wa Pwani

Katika somo hili tunamwalika mlaji wa Kwai afuate nyuma safari ya kipande kimoja cha papa mkavu, kuanzia kwenye meza ya muuzaji hadi kwenye wavu uliomnasa. Tumemchagua papa kwa makusudi. Samaki mbichi wa baharini huchoka njiani kabla ya kufika milimani. Aliyetiwa chumvi na kuanikwa hastahimili safari tu, bali hukaa jikoni majuma kadhaa bila kuharibika. Magari yanashuka na kabichi, karoti na viazi kupitia Soni na Mombo. Samaki wa chumvi naye anapanda kwa njia hiyohiyo kutoka Tanga. Mlaji wa huku juu, ambaye pengine hajapata kuiona bahari, ni mteja wa mvuvi sawasawa na anayekaa ufukweni.

Papa wengi wa pwani yetu hunaswa kwa jarife, yaani wavu wenye matundu makubwa unaotegwa jioni na kuopolewa alfajiri. Hutegwa ukiwa umesimama majini kama ukuta, ama ukielea na mkondo karibu na uso wa bahari, ama ukiwa umefungwa mawe ukakaa chini. Mvuvi anautega kwa ajili ya papa, taa, nguru au jodari. Lakini kila chenye kimo cha kutosha kikipita hapo kinanaswa, na miongoni mwa vinavyopita ni pomboo.

Yafaa tukumbuke kwamba pomboo si samaki. Ana mapafu, huzaa na kunyonyesha, na baada ya dakika chache za kuzama ni lazima apande juu kuvuta pumzi. Gizani huijua njia yake kwa kutoa milio na kusikiliza mwangwi unaorudi. Uzi mwembamba wa nailoni hurudisha mwangwi hafifu mno, na mnyama anayefukuza kundi la samaki hana nafasi ya kuusikiliza. Akishanaswa hawezi kupanda juu, na hufa kwa kukosa hewa muda mrefu kabla ya mvuvi kurudi. Mwenye wavu hapati faida: anakuta nyuzi zimekatika, na amepoteza usiku mzima wa kazi. Tunalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kumtetea pomboo ni kumshitaki mvuvi.

Mahali ambapo jambo hili limechunguzwa vizuri zaidi katika nchi yetu ni kusini mwa Unguja, kwenye maji ya Kizimkazi na Ghuba ya Menai. Wanakijiji wa huko waliwahi kuwawinda pomboo, na nyama yake ilitumika kama chambo cha kuvulia papa. Kuanzia mwaka 1992 wageni walianza kulipa ili wapelekwe kuwatazama, na kufikia 1996 uwindaji ule ukakoma. Mtu angetazamia kwamba pomboo wa Kizimkazi wamepona. Lakini mikuki ilipowekwa chini, jarife liliendelea kutegwa katika maji yaleyale.

Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar na wenzao kutoka Chuo Kikuu cha Stockholm waliwahesabu pomboo hao kati ya 1999 na 2002, kwa kuwapiga picha na kuwatambua mmoja mmoja kwa alama za mapezi yao ya mgongoni. Walikuta aina mbili zinazoishi karibu na pwani. Ya kwanza, yenye mdomo mfupi mnene, ilikadiriwa kuwa na pomboo kati ya 136 na 179. Ya pili, yenye nundu mgongoni, ilikuwa na kati ya 58 na 65 tu. Uchunguzi uliofuata katika miaka ya 2003 na 2004 ukakadiria kwamba nyavu zilikuwa zikiua takribani asilimia 8 ya kundi la kwanza kila mwaka, na kati ya asilimia 5 na 6 ya kundi la pili.

Hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo na hesabu, kwa kuwa ndipo ulipo uzito wa somo. Asilimia 8 inasikika kuwa ndogo. Mfugaji wa kuku akipoteza kuku wanane katika mia kwa mwaka hatafunga banda. Lakini pomboo jike huchukua miaka mingi kukomaa, hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na kwa kawaida hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Kwa sababu hiyo wataalamu huchukulia kwamba kundi lililo katika hali njema, ukishaondoa vifo vya kawaida, haliongezeki kwa zaidi ya asilimia 4 hivi kwa mwaka. Tuchukue kundi la pomboo 150. Nyongeza yake ni sita. Nyavu zinachukua kumi na wawili. Hakuna mvuvi mmoja atakayeliona pengo hilo, maana kwa kila chombo pomboo aliyenaswa ni tukio la nadra.

Upande wa Tanga ushahidi kwamba jarife hufika mbali ulitokea kwa njia isiyotarajiwa. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa jarife la kina kirefu karibu na Kigombe walianza kuopoa silikanti, samaki wa kale ambaye hadi mwaka 1938 wanasayansi waliamini alikwisha kutoweka tangu enzi za mijusi wakubwa. Hapana aliyemtafuta; nyama yake haitamaniki. Papa ndiye aliyekuwa akitafutwa. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na sehemu ya sababu ilikuwa wavu huohuo.

Katika Bahari ya Hindi nzima, tathmini iliyochapishwa mwaka 2020 ilikadiria kwamba nyavu zinazotegewa jodari na jamii yake ziliua nyangumi wadogo na pomboo wapatao milioni 4.1 kati ya 1950 na 2018. Tanzania ilitajwa miongoni mwa nchi tisa zenye sehemu kubwa zaidi ya vifo hivyo, ingawa ilikuwa ya tisa, nyuma sana ya Iran, Indonesia na India. Na anayetaka kujua mwisho wa njia hii autazame Mexico. Huko yupo ndugu mdogo wa pomboo aitwaye vaquita, anayeishi katika ghuba moja tu duniani. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa 567. Leo wamebaki takribani kumi. Hakuna anayewavua kwa kukusudia. Hufia katika nyavu za kamba na za samaki aitwaye totoaba, ambaye kibofu chake cha hewa hununuliwa kwa bei kubwa nchini China. Mnunuzi huyo yuko mbali na ghuba ile kuliko Kwai ilivyo mbali na Kigombe.

Hatumwambii mlaji aache samaki. Mboga za milimani ni nyingi, lakini mtoto anahitaji kitoweo. Tunachoshauri ni kuuliza kabla ya kulipa: «Mama, huyu ni wa jarife, wa mshipi au wa dema?» Changu, tasi na chewa mara nyingi hutoka kwenye mshipi au dema, ambako pomboo hanaswi kwa urahisi. Dagaa nao, wa ziwani au wa baharini, hawavuliwi kwa jarife. Papa na taa ndio wanaofungamana nalo zaidi. Muuzaji wa kwanza huenda asijue jibu. Akiulizwa na wateja watano, naye atamwuliza aliyemletea mzigo kutoka Tanga. Kwa papa mkubwa kuna sababu nyingine ya kupunguza: nyama yake hukusanya zebaki, na mama mjamzito au anayenyonyesha hushauriwa aiepuke.

Ni muhimu pia kuitambua nyama yenyewe, kwa kuwa pomboo aliyenaswa anaweza kukatwakatwa na kuuzwa kwa jina la papa. Nyama ya papa ni nyeupe au ya kijivu hafifu, na ikikauka huelekea rangi ya manjano. Ya pomboo ni nyekundu iliyoiva, na ikikauka hukaribia weusi. Chini ya ngozi yake kuna tabaka nene la mafuta ambalo papa hana. Pitisha kidole juu ya ngozi: ya papa hukwaruza kama msasa, ya pomboo ni laini kama mpira. Ndani ya papa mna gegedu tupu inayokatika kwa kisu, hali pomboo ana mbavu za mfupa mgumu kama za mbuzi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinawalinda pomboo, nguva na kasa. Mlaji akikuta nyama yenye dalili hizo asiinunue, na ampashe habari afisa uvuvi wa halmashauri, akitaja siku, mahali na mzigo ulikotoka.

Limebaki neno juu ya samaki wa kopo. Baadhi ya makopo ya jodari yana picha ya pomboo na maneno ya kueleza kwamba hakuna pomboo aliyedhurika. Alama za namna hiyo zilianza Marekani mwaka 1990, baada ya wanunuzi kuyasusia makopo ya jodari waliovuliwa kwa kuwazungushia pomboo nyavu katika Bahari ya Pasifiki, na zilisaidia sana huko. Zilibuniwa kwa ajili ya uvuvi ule. Kwa kopo la jodari wa Bahari ya Hindi, soma zaidi ya picha: tafuta mahali palipoandikwa namna alivyovuliwa, na ukikuta ni kwa mshipi na fimbo, hilo ndilo la kuchukua.