Nyuki na Mwisho wa Kiangazi Uwandani Kano

Wafugaji wa nchi za baridi wanayo desturi ya kuifungua mizinga yao kwa hofu majira ya theluji yanapokwisha, wapate kujua ni makundi mangapi yamesalimika. Ama sisi wa Ahero, mtihani wetu ni huu wa mwezi wa Februari, wakati jua limekwisha kuukausha uwanda wa Kano, maua yameadimika, na mawingu ya masika bado hayajatanda juu ya milima ya Nandi. Nyuki wetu wa Afrika si mstahimilivu wa dhiki kama mwenzake wa Ulaya, bali akiona akiba imepungua, au maji yako mbali, au siafu wamemwandama, huyaacha masega akahama na malkia wake, na mwenye mzinga akaja kukuta sanduku tupu. Kwa hiyo anayerina asali yote sasa kwa tamaa ya bei, ajue ameuza na kundi.

Ayaache masega yaliyo karibu na majana, na iwapo mzinga ni mwepesi ukiinuliwa kwa nyuma, awape nyuki sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya kipimo sawa, ndani ya mzinga na wakati wa magharibi, maana ikiachwa nje mchana huwaalika nyuki wa jirani kuja kupora. Miguu ya kichaga ipakwe grisi upya na nyasi zifyekwe, maadamu jani moja likigusa ubao ni daraja tosha la siafu. Aliye karibu na Mto Nyando aitundike mizinga kwa waya, juu, kabla ya mafuriko.

Mizinga mitupu nayo isafishwe utando wa nondo, kisha kila pau ibebayo sega ipakwe nta katikati, kwani mvua za kwanza ndizo zigawazo makundi. Upana wa pau ni milimita 32. Ukizidi au kupungua, masega hushikamana na ukaguzi ukawa vita.

Lililo zito zaidi ni dawa za mpunga. Katika mashamba ya mradi wa umwagiliaji wa Ahero, ulioanza mwaka 1969, nyuki huyaendea mashuke yachanuapo kutafuta chavua, ijapokuwa hayana mbochi, na anyunyizaye saa nne asubuhi huwaua shambani. Mwendee jirani mapema, kwa adabu, mwafikiane apige dawa jioni nyuki wakisharejea. Wala usithubutu kuwafungia mzingani mchana kutwa, kwa kuwa joto la Kano huyeyusha masega.