KUHESABIWA NAKO NI DAWA

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio kitamfichua. Je, hali ambayo hata serikali haijaihesabu itafichuliwa na nani? Hilo ndilo somo letu leo, na mfano wangu ni ualbino.

Ualbino hauambukizi wala si laana. Ni hali adimu ya kurithi, ambapo mwili hautengenezi melanini ya kutosha, yaani ile rangi inayokinga ngozi na macho dhidi ya jua. Mara nyingi baba na mama wote huwa wamebeba jeni ya ualbino bila kujua, na kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto wa hali hiyo. Kwa hivyo baba anayemtoroka mkewe ati mtoto si wake, ajue naye amechangia nusu!

Hapa mtaani Kongo, Kawangware, tuna jirani mama mboga mwenye mtoto kama huyo. Ikifika saa sita humwingiza kibandani. Watu husema anamficha kwa aibu, kumbe anamkinga na jua. Ngozi isiyo na kinga hupata saratani upesi.

Disemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuhamasisha watu kuhusu ualbino. Kisha, katika sensa ya Agosti 2019, Kenya iliwahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza. Walipatikana 9,729, yaani takriban mmoja kwa kila Wakenya 4,900. Ni wachache, ndiyo, lakini sasa wana nambari. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia mafuta ya kukinga jua. Bila hesabu, nani atajua zinunuliwe chupa ngapi, na zipelekwe wapi?

Sisi wanachama wa Kiswahili tuna kazi yetu. Neno "zeruzeru" ni tusi. Tuseme "mtu mwenye ualbino", mtu akitangulia. Darasani tumwachie kiti cha mbele, kwani haoni ubaoni vizuri. Gwarideni asivuliwe kofia.

Serikali imekwisha kuwahesabu. Nasi tuwahesabu kuwa wenzetu.

Wakatabahu.