SOMO LA KIKUNDI: NDEGE MDOGO WA MAFUNJO

Lengo la somo: Kikundi kiweze kupanga ukataji wa mafunjo bila kumaliza kinamasi.

Ndugu wanakikundi, ninyi mnaokaa kando ya ziwa huko Dunga, Koguta na Kusa mnayajua mafunjo vizuri. Ndiyo mikeka yetu, vikapu na kamba. Lakini je, mnamjua mpangaji aliye mle ndani? Ni ndege mdogo wa kahawia, mwenye michirizi myeusi mgongoni, si mkubwa kuliko shomoro. Jina lake la kitaalamu ni Cisticola carruthersi. Chakula chake ni wadudu.

Ana ndugu yake wanayefanana sana, anayekaa kwenye nyasi za pembeni mwa kinamasi. Huyo akikosa mafunjo, nyasi zipo. Lakini huyu wetu hana pengine pa kwenda. Mafunjo yakiisha, naye kwisha.

Tatizo liko wapi?

Watafiti walilinganisha hali ya mwaka 1969 na ya mwaka 2000. Dunga ilikuwa imepoteza nusu ya mafunjo yake, Koguta asilimia 47, na Kusa asilimia 34.

Mama mmoja atauliza, "Sasa tulale njaa kwa sababu ya ndege?" La, hasha! Mafunjo yakikatwa huchipuka tena kutoka mizizini. Yanayoyamaliza ni kukata pale pale kabla hayajakomaa, kuchoma moto, na kung'oa mizizi ili kulima. Na yakiisha, msusi naye atakosa kazi kama ndege alivyokosa nyumba. Samaki wachanga pia watakosa maficho.

Tufanye nini?

1. Gawanyeni sehemu yenu ya kukatia iwe vipande.
2. Kateni kipande kimoja kwa zamu. Vingine viacheni vikomae.
3. Msichome. Moto hauchagui, unakula mayai na makinda.
4. Mkiona kiota chenye mayai, rukeni hapo, mtarudi baadaye.

Tena ndege ni mali. Kule Dunga wako vijana wanaopata riziki kwa kuwapeleka wageni kwa mashua kutazama ndege wa mafunjo.

Maswali ya kujadili

1. Mafunjo yetu yalifika wapi zamani, na leo yanafika wapi?
2. Nani hukata, na nani huamua wakati wa kukata?
3. Asiyefuata zamu tumfanyie nini?

Andikeni mapatano yenu katika kitabu cha kikundi, kisha myasome tena kabla ya msimu wa kukata.