SOMO: MKANDA WA TAIMINGI – TUUBADILISHE WENYEWE AU TUUPELEKE GEREJI?



Chama cha msingi chenye gari hulitegemea kwa kazi nyingi: kusambaza mbegu na dawa za pamba, kupeleka vitabu na mizani vituoni, na kufuatilia malipo ya wakulima. Siku gari likisimama katikati ya msimu wa ununuzi, mkulima wa Kishapu au wa Mbogwe aliyekwisha kupima pamba yake ndiye anayesubiri. Ndiyo sababu suala la mkanda wa taimingi lisiachwe mikononi mwa dereva peke yake. Ni suala la Bodi na la wanachama wote.

Katika somo hili tutaeleza kazi ya mkanda huo, kisha tutaona namna ya kuamua ni nani aubadilishe.

1. Kazi ya mkanda

Ndani ya injini, pistoni huzungusha mhimili mkubwa uitwao krenkshafti. Juu yake kuna mhimili mwingine, kamshafti, unaofungua na kufunga valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi. Mihimili hii haina budi kwenda pamoja: krenkshafti ikizunguka mara 2, kamshafti huzunguka mara 1, bila kupishana hata kwa jino moja. Kiungo kati yao ni mkanda wa raba wenye meno, ulioimarishwa kwa nyuzi ndani yake. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota, mkanda huohuo huendesha pia pampu ya dizeli.

Wanachama wanaokumbuka mikanda ya mashine za viwanda vya kuchambua pamba wanajua kuwa mkanda ukikatika, mashine husimama, mwingine hufungwa, na kazi huendelea. Mkanda wa taimingi hauko hivyo. Katika injini ya dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno. Mkanda ukikatika au ukiruka meno, pistoni huzigonga valvu zilizobaki wazi. Valvu hupinda, na pistoni au silinda hedi huweza kuharibika. Aidha, injini ikizimika gari likiwa kasi, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache.

2. Je, gari letu lina mkanda?

Hili ndilo swali la kwanza, kwani si kila gari linao. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ na Toyota Hilux yenye injini ya 5L zina mkanda. Toyota Probox yenye injini ya 1NZ hutumia mnyororo wa chuma, ambao haubadilishwi kwa ratiba ya namna hiyo. Katibu asome namba ya injini na kitabu cha gari kabla ya kupokea makisio yoyote ya matengenezo.

3. Wakati wa kubadilisha

Kwa injini nyingi za dizeli za Toyota, kipimo kilichozoeleka ni kilometa 100,000. Tufanye hesabu. Tuseme gari la chama linakwenda Mwanza kutoka Shinyanga na kurudi mara 2 kwa wiki. Safari moja ya kwenda na kurudi ni kiasi cha kilometa 320. Kwa wiki ni 640. Kilometa 100,000 zitatimia baada ya wiki 156, yaani miaka 3. Chama kinachoandika kilometa kila wiki kitauona wakati huo ukija tangu mbali.

Taa ya mkanda kwenye dashibodi huhesabu kilometa tu. Haiuoni mkanda wenyewe. Oili inayovuja kwenye sili huulainisha mkanda na kuuharibu kabla ya wakati, na vumbi linaloingia kwenye kifuniko kilichopasuka huumaliza. Na gari likinunuliwa limekwisha kutumika, bila kumbukumbu za kuaminika, yafaa kuubadilisha mkanda mapema na kuanza hesabu upya.

4. Maswali manne ya kuamulia

Mara nyingi hoja ya kubadilisha wenyewe ni kuokoa fedha. Tuitazame vizuri. Mkanda, puli ya kukazia na sili hununuliwa kwa vyovyote vile. Kinachookolewa ni gharama ya ufundi peke yake. Kinachowekwa rehani ni injini nzima. Kwa hiyo Bodi ijiulize:

(a) Je, fundi wetu amewahi kufanya kazi hii kwenye injini ya aina hii? Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama wako mafundi hodari wa injini za dizeli zinazoendesha makarasha. Lakini injini ndogo za silinda moja zilizozoeleka katika kazi hiyo huunganisha mihimili yake kwa gia za chuma. Mtu anaweza kuzifahamu kwa miaka mingi bila kugusa mkanda wa taimingi hata mara moja.

(b) Je, tunavyo vifaa? Panatakiwa kitabu cha injini hiyo, pula ya kutolea puli ya krenkshafti kwa injini inayoihitaji, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza bolti. Nyundo na bisibisi havitoshi.

(c) Je, fundi anajua kuhakiki? Baada ya kufunga mkanda kwa kufuata alama, injini huzungushwa kwa spana, kwa mkono, mizunguko 2 kamili ya krenkshafti, kisha alama hutazamwa tena. Mzunguko ukigonga mahali pagumu, mtu asilazimishe; na aheshimu onyo hilo kwa kutowasha injini hata kwa kujaribu.

(d) Je, kosa likitokea, chama kitaweza kulilipa bila kugusa fedha za wakulima?

Jibu likiwa ndiyo kwa maswali yote manne, kubadilisha wenyewe kunafaa, hasa kwa 1HZ na 5L ambazo mkanda wake uko mbele na hufikika bila kuing'oa injini. Jibu moja tu likiwa hapana, gari liende gereji.

5. Njia ya katikati

Chama kinaweza kununua spea chenyewe kwa muuzaji anayeaminika, kikamwita fundi aliyesomea kazi hiyo, na dereva akasimama kando kujifunza. Hivyo spea hujulikana zilikotoka, na ujuzi hubaki chamani. Iwe gereji au fundi wa kuitwa, makubaliano yaandikwe: kazi iliyofanyika, spea zilizowekwa, na muda ambao fundi atawajibika kwa kazi yake. Spea za zamani zirudishwe na Katibu azione.

Kazi yenyewe ifanyike kabla ya msimu wa ununuzi, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na fedha zake ziingizwe katika makisio yanayopitishwa na Mkutano Mkuu. Siku ya kazi, kilometa na tarehe ziandikwe katika daftari la gari, na kibandiko kiwekwe karibu na injini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na gari ni mali ambayo kila mkulima ametoa sehemu yake kuinunua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Gari la chama chetu lina injini ya aina gani? Ina mkanda au mnyororo?
2. Mkanda ulibadilishwa lini mara ya mwisho, na ni wapi palipoandikwa?
3. Kwa safari zetu za wiki, kilometa 100,000 zitatimia baada ya muda gani?
4. Andikeni gharama ya ufundi upande mmoja, na gharama ya kutengeneza injini pamoja na kukodi gari kwa wiki 3 za msimu upande wa pili. Bodi yenu ingeamuaje?